Pawasaplai ya Nukta

Saa kumi na robo alasiri kompyuta ilizimika. Haikutoa onyo. Skrini ilikuwa imeonyesha kilima cha majani na pembe ya ukuta mweupe, kisha ikawa nyeusi tii, feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Mama Nukta aliondoa mkono juu ya kipanya, akauweka mapajani.

"Leo umefika wapi?" mumewe aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, buti zake za kazi mkononi.

"Ukutani."

"Na jana?"

"Jana niliuona mlango."

Baba Nukta alikuwa fundi umeme wa majumba, kazi aliyoianza kabla ndevu hazijamwota. Alijua kwamba kitu kinachozimika leo mapema kuliko jana kinakwenda zake. Hakusema hivyo. Aliziweka buti chini ya meza, akazima swichi ya ukutani, akaenda kuoga.

Chumba kilikuwa cha binti yao. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, ramani za majengo zimeviringishwa na kusimamishwa ndani ya ndoo, na mezani ilikaa kompyuta kubwa ya gemu yenye ubavu wa kioo na taa ndani. Binti aliitwa Nukta kwa sababu alizaliwa kadogo mno. Mkunga alisema ni nukta tu juu ya shuka. Alikua akawapita wazazi wake wote wawili kwa kimo, jina likabaki palepale. Alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya wakandarasi. Akiwa na miaka ishirini na sita alishikwa na homa ya mapafu, akaingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Hiyo ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Wazazi waliendelea kuitwa Baba Nukta na Mama Nukta. Hawakuwa na mtoto mwingine wa kuwapa jina jipya.

Mchana Nukta alichora nyumba za watu. Jioni alijenga ya kwao. Gemu alilolipenda lilikuwa la kujenga: mtu anapewa uwanja mtupu na matofali yasiyoisha, mengine ni akili yake. Nyumba yao halisi ilikuwa ya chini tu. Baba yake aliahidi ghorofa tangu Nukta yuko darasa la kwanza, na nondo za nguzo zilikuwa bado zimechomoza juu ya paa la zege, zimeshika kutu. "Mganga hajigangi," Baba Nukta alizoea kusema watu wakimuuliza. Katika gemu, Nukta alikwisha kuipandisha ghorofa hiyo. Ilikuwa na ngazi, roshani, na chumba cha cherehani chenye madirisha pande mbili, kwa ajili ya mama yake aliyekuwa mshonaji na kila siku alilalamikia mwanga.

Mama yake alikuwa akiingia humo pia. Akimaliza kushona alivutiwa kiti, akafundishwa vitufe, akapanda maua bustanini, akapotea njia, akaanguka kutoka roshani.

"Mama, umeanguka tena!"

"Nani kaweka roshani bila ukingo? Na za ofisini kwenu mnazichora hivihivi?"

Sauti zao zilifika mpaka sebuleni, alikokuwa baba mtu ameegemeza kichwa kitini, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Baba, njoo uone chumba chako!"

"Kesho, mwanangu."

"Hiyo kesho yako haina jua?"

Siku moja Nukta alimwambia akipita ukumbini, "Ukija, njoo na testa yako ya kupimia umeme. Bila testa sikufungulii." Alicheka mwenyewe, akaenda zake. Baba Nukta hakwenda. Sababu zake zilikuwa za kweli: alishinda juu ya ngazi, mgongo ulimuuma, na alidhani muda upo.

Dunia hiyo yote ilikaa kwenye diski ya pili ya kompyuta ile, bapa, ndogo kuliko kiganja; ya kwanza, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu bila waya, ilibeba gemu lenyewe. Haikuwa na nakala mahali pengine popote. Nukta hakupenda kucheza mtandaoni. "Nyumba ya mama yangu siiweki barabarani," alisema.

Mwezi mmoja baada ya maziko Mama Nukta aliwasha kompyuta kwa mara ya kwanza. Iliwaka vizuri, ikaonyesha picha ya paka wa jirani ambayo Nukta aliiweka, ikakaa hivyo muda wote alioutaka. Alipofungua gemu, ikazimika. Tangu siku hiyo alijaribu kila alasiri. Wakati mwingine alifika bustanini, wakati mwingine hakuvuka lango.

Baba Nukta alifungua ubavu wa kioo, akaingiza ncha za mita yake kwenye tundu lisilotumika. Kompyuta ikiwa imetulia, volti zilikuwa kumi na mbili, sawasawa. Mkewe alipofungua gemu, namba zilianza kushuka, zikafika kumi na moja na kidogo, kisha kila kitu kikazima.

"Ni pawasaplai," alisema. Alimwonyesha kisanduku cha chuma kilichokaa chini kabisa, kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wengine humo ndani. "Imechoka. Kazi ikiwa ndogo inajikaza. Gemu likianza kula umeme inashindwa."

"Basi badilisha."

"Nitafikiri."

"Cha kufikiri ni kipi? Taa ikiungua kwa watu unafikiri?"

Alikuwa na sababu mbili alizoweza kuzisema. Ya kwanza, kitu kinachowaka usikichokoe; kompyuta ilikuwa inawaka, paka anaonekana, faili zipo. Ya pili ilipingana na ya kwanza, naye aliijua: pawasaplai inayokufa inaweza siku moja kutoa umeme mchafu na kuondoka na wenzake. Kubadilisha kulikuwa na hatari, kutobadilisha kulikuwa na hatari, na kwa hesabu zake hatari ya kuacha ilikuwa kubwa zaidi. Hapo mtu anayefuata hesabu angekuwa ameshakata shauri. Kulikuwa na sababu ya tatu, ambayo hakuitaja. Pawasaplai ikibadilishwa, gemu litafunguka. Likifunguka, itambidi aingie chumba alichoitiwa, na aliyemwita hayumo.

Jumapili moja dada yake alikuja kuwajulia hali. Alikuwa shangazi wa Nukta, mjane, mwenye mdomo usio na breki. Alisimama mlangoni mwa chumba akiwa na kikombe cha chai.

"Bado mnalo hilo friji la taa?"

"Bado tunalo, wifi," alisema Mama Nukta.

"Liuzeni. Au mpeni mtu. Kila siku kuliwasha na kulizima, mnajitonesha kidonda."

"Na wewe suti za marehemu bwana'ko zimejaa kabatini. Zinavaliwa na nani?"

"Mende," alisema shangazi. "Tena wananipendezea. Jumapili wanakwenda ibadani kuliko mimi."

Wakacheka wote watatu. Kicheko kilikwenda mbele kidogo, kikakatika, na shangazi akatazama ndani ya kikombe chake.

"Kaka," alisema baada ya hapo, kwa sauti ya chini, "kama hamuuzi, basi litengenezeni. Kitu hakikai nusu mgonjwa nusu mzima. Huyo mkeo kila siku anarudishwa mlangoni. Wewe unaona sawa?"

Kesho yake Mama Nukta alibonyeza kitufe cha kuwashia na kompyuta haikuitika. Alibonyeza tena. Mara ya tatu ikawaka kwa kusuasua, paka akatokea. Mama Nukta hakufungua gemu. Aliizima kwa uangalifu, kama mtu anayefunika sufuria, akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Nenda kanunue," alisema.

Alikwenda asubuhi iliyofuata.

Duka lilikuwa kwenye ukumbi wa chini wa jengo la maduka, kati ya kinyozi na muuza saa. Kaunta ilikuwa na wavu, na nyuma ya wavu aliketi mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mji mzima ulimwita Mama Vipuri. Aliuza na kutengeneza, na mikono yake haikuacha kufanya kazi alipokuwa akizungumza. Nyuma ya Baba Nukta kulikuwa na watu wanne wakingoja zamu.

"Karibu, mzee wangu. Mgonjwa ana nini? Sema yote, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kompyuta ya gemu. Gemu likifunguka inazimika. Volti zinashuka kutoka kumi na mbili mpaka kumi na moja."

"Umepima mwenyewe?"

"Nimepima."

"Aa, fundi kakutana na fundi." Alimtazama juu ya miwani. "Ni ya nani, ya mjukuu?"

"Yangu."

"Mzee na mvi zote hizo unacheza gemu! Tutakufa tumeona mengi." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, bila ubaya. Mama Vipuri akavuta kisanduku kutoka rafu ya chini, akakipangusa vumbi. "Sasa nisikilize. Ndani kuna vitu vya muhimu? Picha, kazi, kumbukumbu? Kama vipo niletee hiyo diski kwanza niinakili, ndipo ushike umeme. Nusu saa tu. Mimi sipendi kulia na watu hapa kaunta."

Baba Nukta aliushika wavu kwa vidole viwili. Jibu alikuwa nalo. Alijua pia kwamba akilianza, sauti yake haitasimama pale atakapotaka isimame, na nyuma yake walikuwepo watu wanne.

"Hapana," alisema. "Michezo tu."

"Basi chukua hii. Si ya kiwanda kile cha yako, lakini ina nguvu kuishinda. Nyaya zake zote zimo humu bokisini. Za zamani tupa. Anayefuata!"

Tupa. Neno hilo alikuwa amelisikia tangu maziko, kutoka kwa watu waliomtakia mema. Tupeni hizo ndala. Tupeni dawa zilizobaki. Godoro hilo tupeni, nunueni jingine. Alikuwa amejizoeza kulipokea kwa kichwa na kuliacha lipite. Alipokea boksi, akashukuru, akatoka.

Jumamosi asubuhi walifanya kazi pamoja. Alitandika shuka sakafuni, akailaza kompyuta ubavu, akafungua kioo. Mkewe alikuwa amepiga magoti upande wa pili na kisahani cha sumaku anachowekea pini za kushonea. Kila skrubu iliyotoka aliipokea, akaiweka humo kwa mpangilio wake. Kazi ilikwenda taratibu. Waya wa ubao mkuu ulitoka, ukaingia mpya. Waya wa kadi ya picha ulitoka, ukaingia mpya. Mumewe alipogusa waya wa diski, Mama Nukta aliweka kiganja chake juu ya mkono wake.

"Huu usiutoe."

Ulikuwa umevikwa mfuko mwembamba uliofumwa kwa uzi wa rangi ya chungwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Uzi ulitoka kwenye sweta la shule la Nukta, lile la darasa la kwanza, ambalo Nukta na mama yake walilifumua wenyewe. Walikuwa wamepanga kuzivika nyaya zote zinazoonekana kupitia kioo, na huu ndio pekee uliokamilika. Nusu moja ya mfuko ilikuwa imebana, mishono sawa kama ya mashine. Nusu ya pili ilikuwa legelege na ilipishana hapa na pale. Kila mmoja alianzia kwake, wakakutana katikati.

"Huu mpya uko hapa," Baba Nukta alisema. "Ni uleule."

"Kama ni uleule, si uache wa zamani?"

Hoja hiyo haikuwa na kasoro. Aliugeuza waya mkononi. Ncha ya upande wa diski ilikuwa ya umbo moja na ule mpya. Ncha ya upande wa pawasaplai pia: tundu sita, safu mbili, kishikizo juu. Alichukua mita yake. Fundi umeme hakubali waya kwa macho. Alipima kila uzi wa shaba uliokuwa ndani ya mfuko ule, ncha hadi ncha, na kila mmoja ukalia *piii* bila kusita. Hakuna uliokatika, hakuna uliogusana na mwenzake.

"Mzima," alisema.

"Nilikwambia."

Aliuchomeka. Uliingia vizuri, ukatoa mlio mdogo wa kujifunga. Mama Nukta alinyoosha mfuko kwa kidole, akaupitisha mahali pake nyuma ya kioo, akasogea nyuma kuutazama. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi Baba Nukta alisikia mkewe akivuta pumzi ndefu na kuitoa yote.

"Ikiwaka," alisema mkewe, "utaingia na wewe."

"Nitaingia."

"Si kesho?"

"Testa hii hapa." Alijipiga mfukoni. Mama Nukta alicheka, akamsukuma bega.

Baba Nukta akabonyeza kitufe. Feni zilianza kuzunguka kwa nguvu ambayo hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu. Taa za ndani zikawaka, za bluu kisha nyeupe. Halafu ikaja harufu. Ilikuwa kidogo sana, na mtu mwingine angedhani ni vumbi. Mkono wa Baba Nukta ulichomoa plagi ukutani kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

"Nini?" mkewe aliuliza.

"Subiri."

"Baba Nukta, ni nini?"

"Subiri kwanza."

Alipapasa kila kitu ndani, kimoja kimoja, kwa mgongo wa kidole. Vyote vilikuwa baridi. Diski ilikuwa ya moto. Aliuchomoa waya wa rangi ya chungwa, akaulaza juu ya shuka. Akachomeka ule mpya kutoka bokisini, akarudisha plagi, akabonyeza. Kompyuta ikawaka, ikampita paka, ikatulia. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa diski ya pili. Mashine haikuiona. Alizima, akawasha, akabadilisha tundu, akawasha. Haikuiona.

"Labda inachelewa kujitafuta," alisema Mama Nukta. "Ilivyokaa siku zote hizi."

Wakaisubiri. Jua lilihama kutoka kitandani hadi kwenye ndoo ya ramani.

Mchana uleule alirudi dukani akiwa na diski mfukoni mwa shati na waya umekunjwa ndani ya kitambaa. Safari hii hakukuwa na foleni. Mama Vipuri aliifungua diski kwa bisibisi nyembamba, akawasha taa ya mezani, akainama kwa muda.

"Njoo uone mwenyewe."

Ndani palikuwa na ubao mdogo wenye vipande vyeusi vya mraba. Kimoja kilikuwa na shimo la ukubwa wa kichwa cha pini. Vingine viwili vilikuwa vimevimba katikati.

"Hiki chenye shimo ni cha kuongoza. Kingekuwa peke yake ningehangaika nacho. Hivi viwili ndimo vitu vinamokaa. Vimepigwa na umeme mkubwa, vyote. Hapa hakuna mtu wa kukurudishia kitu, mzee wangu, wala hapa wala penginepo. Ulitumia waya gani?"

Aliufungua kitambaa. Mama Vipuri aliutazama mfuko wa rangi ya chungwa, asiuguse.

"Nilisema za zamani utupe."

"Niliupima. Wote mzima."

"Mzima ndiyo. Sikatai." Alivua miwani. "Upande wa diski viwanda vyote vimekubaliana. Upande wa pawasaplai kila kiwanda kinapanga matundu kivyake, ingawa umbo ni moja. Palipokuwa na volti tano kwa yule wa zamani, huyu ameweka kumi na mbili. Waya wako umefanya kazi yake vizuri kabisa. Umepeleka kumi na mbili kwa diski ya tano."

Baba Nukta alielewa hapohapo. Kwa miaka yote aliyofundisha vibarua wake alisema maneno hayohayo: nyaya za fundi mwingine usiamini rangi yake wala mahali pake, pima kinachotoka mwisho. Alikuwa amepima kama waya unapitisha. Hakupima unapitisha nini. Ncha moja ya mita, kabla ya kuchomeka diski, ingetosha, na mita ilikuwa gotini pake.

"Si ulisema michezo tu?" Mama Vipuri aliuliza. Haikuwa lawama; alikuwa anatafuta pa kumshikia.

"Ilikuwa ya binti yangu," alisema. "Huo uzi aliufuma yeye na mama yake. Humo ndani alikuwa ametujengea nyumba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu asiyemjua. Sauti yake, kama alivyotabiri siku ile, haikusimama alipotaka. Mama Vipuri alitoka nyuma ya wavu, akageuza kibao cha mlangoni kionyeshe duka limefungwa, akamletea kiti.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama. Mama Nukta alikuwa chumbani, ameketi mbele ya kompyuta, ubavu wa kioo umerudishwa na skrubu zote zimekazwa. Alimtazama mumewe mikononi kwanza, kisha usoni.

"Imekufa," alisema Baba Nukta.

"Yote?"

"Yote. Nilikosea kupima."

Mama Nukta aligeuza kiti, akamkabili.

"Ni ule waya?"

"Nilikosea kupima. Ndiyo kazi yangu, nami nilikosea."

"Nimekuuliza. Ni ule waya?"

Njiani alikuwa ameandaa majibu matatu. Kila moja lilikuwa na ukweli nusu. Mbele ya mkewe hakuna lililotoka.

"Ndiyo," alisema. "Ni ule waya."

Alimkabidhi. Mama Nukta aliupokea, akautafuta katikati kwa kidole gumba, pale mishono ya kubana inapokutana na ile legelege, akapashika hapo. Hakulia. Kulia alikuwa amekwisha kulia alasiri nyingi mbele ya skrini nyeusi. Sasa alikaa tu, mgongo umenyooka, kama anavyokaa kwenye cherehani uzi unapokatika ndani na lazima aanze upya kutafuta tundu la sindano.

Gemu lenyewe lilikuwa kwenye diski ya kwanza, iliyopona. Mama Nukta alilifungua. Alilifungua kwa mazoea, kama alivyofanya kila siku saa za alasiri. Feni ziliongeza mwendo. Baba Nukta alijikuta akizisubiri zikatike, na aliona bega la mkewe nalo likisubiri. Hazikukatika. Yakatokea maandishi kwamba hakuna dunia iliyohifadhiwa, na swali kama mchezaji angependa kuanza mpya. Mama Nukta akabonyeza. Ukatokea uwanja mtupu wa majani, na jua likichomoza pembeni.

Baba Nukta alivuta kile kiti cha pili, alichokuwa akikikalia mama mtu. Kwa muda walitazama majani.

"Chumba changu," alisema, "kilikuwa upande gani?"

"Juu. Ukimaliza ngazi, kulia."

"Wewe ulikiona?"

"Nilikiona."

"Kilikuwa kimekwisha?"

Mama Nukta aliuzungusha waya kwenye vidole vyake mara moja. "Kitanda kilikuwepo. Meza ya vifaa vyako ilikuwepo. Dirisha lilitazama kwenye maua yangu, ili ukiamka unione ninavyoanguka. Taa tu ndiyo haikuwepo. Swichi aliiweka mlangoni, lakini waya hakuuvuta. Nilimwambia mbona giza. Akasema hiyo ni kazi ya baba, usimguse mtu kazi yake, atakuja."

Baba Nukta aliitoa testa mfukoni mwa shati, akaiweka mezani kando ya kibodi.

Kwenye skrini jua lilipanda, likapita juu ya uwanja, likashuka upande wa pili, giza likaingia huko na nyota zikatokea, kisha jua likachomoza tena. Hakuna aliyegusa kitufe. Kompyuta ilinguruma sawasawa, bila kutetereka.

Ilipofika saa moja na nusu usiku, kompyuta ilikuwa haijazimika. Mama Nukta akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe.